Kuzaliwa mara ya pili siyo kunyosha mkono kwenye krusedi: turudi kwa Nikodemo na kwa wazee wa Uamsho

mjukuu_wa_kahawa (mwanzisha uzi)

Wakuu Bwana asifiwe, na wale wa Tumsifu Yesu Kristo nawasalimu pia, na ndugu zetu waislamu mnaopita humu karibuni.

Hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu na leo nalimwaga lote, kwahiyo uzi ni mrefu, mwenye haraka asevu asome baadaye. Mtaani kwetu mikutano ya injili ya uwanjani haikauki. Spika kubwa, kwaya, mhubiri akimaliza anasema wote fumbeni macho, nani anataka kuokoka leo anyoshe mkono, njoo mbele, sema baada yangu, Bwana Yesu naja kwako mimi mwenye dhambi, dakika mbili imeisha, watu wanahesabiwa na tangazo linatoka leo wameokoka kadhaa. Wiki inayofuata ukikutana na baadhi yao deni la watu hawajalipa, mke anapigwa vilevile na mizani ya dukani inapunja vilevile. Upande wa pili tupo sisi tuliobatizwa wachanga, cheti kipo kabatini, kipaimara tulipata na picha tulipiga, ukimuuliza mtu ndugu umezaliwa mara ya pili anakasirika, anakwambia kwani mimi mpagani?

Mimi naona pande zote mbili tumefanya kosa moja. Tumeichukua kazi ya Mungu tukaifanya kazi ya mikono yetu, kitu ambacho mchungaji anakifanya, anakiandika kwenye daftari na kukifunga. Na kwakuwa tumefanya hivyo hatuogopi tena. Yule wa krusedi haogopi kwasababu sala aliirudia, yule wa cheti haogopi kwasababu maji alimwagiwa.

Sasa turudi Yohana 3. Nikodemo alikuwa Farisayo, mkuu wa Wayahudi, mwalimu wa Israeli, yani mtu ambaye leo ungemwita askofu na mheshimiwa kwa pamoja. Maandiko anayajua, anafunga, anatoa zaka, tena anakuja kwa Yesu na heshima zake zote, Rabi tunajua umetoka kwa Mungu. Na Yesu hampi hata asante. Anamwambia "Amin, amin, nakuambia, Mtu asipozaliwa mara ya pili, hawezi kuuona ufalme wa Mungu." Hakumwambia mzee umebakiza kidogo, ongeza bidii hapa na hapa. Alimwambia kwa hali uliyonayo hata kuuona huwezi. Haya maneno hakuambiwa kahaba wala mtoza ushuru wakuu, aliambiwa mtu wa dini kuliko wote waliokuwepo mjini usiku ule.

Kuna mtu humu alishiriki kupanga kuzaliwa kwake? Ulitoka tu ukajikuta upo, ukaanza kulia. Yohana alishatuandalia hili tangu sura ya kwanza aliposema wale waliompokea walizaliwa si kwa damu wala kwa mapenzi ya mwili wala kwa mapenzi ya mtu bali kwa Mungu. Na pale kwa Nikodemo Yesu akaleta habari ya upepo, unavuma upendako, sauti unaisikia ila hujui unakotoka wala unakokwenda. Hauna ratiba, huwezi kuutangaza kwenye bango kwamba utavuma Ijumaa saa kumi jioni.

Nikodemo aliposhangaa Yesu naye akamshangaa, yani wewe ni mwalimu wa Israeli na hujui haya? Maana yalikuwepo kwenye vitabu vyake mwenyewe. Fungua Ezekieli 36 kuanzia mstari wa 25. Watu wako uhamishoni Babeli, hekalu wamelipoteza, na sababu ya kupelekwa huko ni mioyo yao wenyewe. Mungu anawaambia nitawanyunyizia maji safi, nitawapa moyo mpya, nitatoa moyo wa jiwe ndani yenu, nitawapa moyo wa nyama, nitatia roho yangu ndani yenu na kuwaendesha katika sheria zangu. Hesabu hapo nani anafanya. Nita, nita, nita, mwanzo mpaka mwisho. Maji na Roho vinakaa pamoja pale Ezekieli kama vinavyokaa pamoja kwenye mdomo wa Yesu Yohana 3:5.

Kwahiyo kwenye wokovu kuzaliwa upya kuna kazi gani? Wengi tumefundishwa wokovu ni kusamehewa basi, yani kesi imefutwa nenda nyumbani. Kusamehewa ni kweli na ni kwa damu ya Yesu msalabani, hilo haliguswi. Lakini mtu anaweza kufutiwa kesi akatoka mahakamani akiwa mwizi yuleyule. Kuhesabiwa haki kunabadilisha nafasi yako mbele za Mungu, kuzaliwa upya kunakubadilisha wewe. Paulo anaviweka sehemu moja Tito 3, anasema alituokoa si kwa matendo ya haki tuliyoyatenda bali kwa rehema yake, kwa kuoshwa kwa kuzaliwa kwa pili na kufanywa upya na Roho Mtakatifu, halafu hapohapo chini anasema tukihesabiwa haki kwa neema. Ukimpa mtu kimoja ukamnyima kingine hujampa injili nzima.

Na mtu asije akasema basi tukae tusubiri upepo. Mazungumzo yaleyale, mstari wa 14, Yesu anamhamisha Nikodemo anampeleka jangwani, kama Musa alivyomwinua yule nyoka. Watu wameng'atwa, wanakufa, na wanachotakiwa ni kutazama. Sehemu yako ni kumtazama yule aliyeinuliwa. Uzima unaokuja ukitazama hujautengeneza wewe.

Hapo ndo nataka niwalete wazee wetu wa Uamsho, ule mwamko wa kiroho ulioanzia Rwanda na Uganda, maana hii habari huku kwetu siyo ya kuagiza Marekani kama wengine wanavyodhani.

Septemba 1929 Kampala, pale Namirembe, daktari wa kimisionari Mwingereza anaitwa Joe Church alikutana na Muganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Church alikuwa ametoka Gahini, Rwanda, kwenye hospitali ya misheni, amechoka amekata tamaa, kule kulikuwa kumetoka njaa kali na kazi haisogei. Wakakaa na Biblia na maombi. Hakuna uwanja, hakuna spika, watu wawili na Maandiko. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu Gahini, na naye moto ukamshika. Huyu Kigozi alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, ila neno lake la Amkeni lilitawanyika Uganda. Kutoka Gahini moto ukaenda Kigezi, Buganda, ukaingia Kenya, ukavuka ukaingia kwetu Bukoba na kuendelea. Ndo hao walioitwa balokole, yani waliookoka, na sisi huku tukapata neno walokole.

Shikeni hili wakuu: watu wa Gahini, wa Kabale na wa Mukono walikuwa wameshabatizwa! Waanglikana, wengine ni walimu wa kanisa na wengine wachungaji kabisa. Walokole hawakwenda kuhubiria waabudu mizimu tu, waligeuka wakawaambia wenzao wa kwaya na baraza la wazee, ndugu, wewe bado hujazaliwa. Mnaweza kufikiria hasira iliyotoka hapo. Mwaka 1941 pale Mukono kwenye chuo cha kanisa, Bishop Tucker, wanafunzi zaidi ya 20 wa kundi hilo wakafukuzwa, akiwemo William Nagenda, kosa lao kuamka alfajiri kuhubiriana na kuomba na kukataa kuacha walipokatazwa. Chuo cha kufundisha wachungaji kinawafukuza watu wanaosema mchungaji naye lazima azaliwe upya. Ni Nikodemo yuleyule, safari hii amevaa kanzu nyeupe.

Na wale wazee walijuaje kwamba fulani kazaliwa kweli? Hawakuangalia mkono ulionyoshwa. Babu yangu mzaa mama aliokoka kwenye wimbi lile huko Kagera. Alikuwa mpima kahawa, na wale wa Kagera mnajua mpima kahawa ana nguvu gani msimu ukifika. Mkulima analeta maganda kwenye gunia, mama wa watu ametembea nalo kichwani, babu anabonyeza mizani kwa goti lake bila kuonekana, kilo mbili tatu zinapotea kila gunia, na mwisho wa msimu zimekuwa magunia yake. Mama yangu anasimulia kwamba alipookoka hakutoa ushuhuda kanisani kwanza. Alichukua daftari akaanza kuandika majina aliyoyakumbuka, akauza ng'ombe, akawa anatoka asubuhi nyumba kwa nyumba, anapiga hodi, anakaa, anasema mama mimi nilikuibia kahawa yako kwa goti hili hapa, naomba unisamehe na hii ndo hela yako. Wengine walilia, wengine walimtukana, mjane mmoja alimwambia subiri, akaingia ndani akamwita mwanae asikie kwasababu siku zote huyo mtoto alishutumiwa kwamba ndiye anaiba kahawa njiani. Bibi yangu alikasirika sana maana shamba nalo lilipungua. Babu aliendelea.

Hakulipa ili aokoke. Angekuwa analipa ili aokoke angelipa wale wanaomjua tu. Zakayo ni hivyohivyo, Yesu aliingia kwanza nyumbani kwa mtu aliyekuwa bado mwizi, ndipo Zakayo akasimama akasema nusu ya mali maskini na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Na Yesu akasema leo wokovu umefika nyumbani humu.

Maswali yangu kwenu: ubatizo na kuzaliwa mara ya pili vinahusianaje? Na je mtu anajuaje amezaliwa? Karibuni, tujadiliane kwa upendo.

---

mwana_parokia

Mkuu asante kwa uzi, umeandika kwa moyo na habari ya babu imenigusa. Mimi mkatoliki, naomba niweke upande wetu maana huwa tunasemwa tu kwamba tunamwaga maji.

Sisi tunaamini ubatizo ndo kuzaliwa upya kwenyewe, kwa maji na kwa Roho kama Yesu alivyosema. Na hii siyo ya juzi, Justino shahidi katikati ya karne ya 2 anaeleza jinsi wakristo wanavyowapeleka waongofu penye maji na anatumia maneno hayahaya ya kuzaliwa upya. Hoja yako kubwa kwamba ni kazi ya Mungu, mbona mtoto mchanga ndo anaionyesha vizuri kuliko wote? Hajafanya chochote, hajasema chochote, amebebwa tu, na Mungu anamzaa. Nyie mnaosubiri mtu mzima aamue ndo mnaoweka kazi ya mtu mbele.

Ila kanisa halijawahi kufundisha kwamba ukishabatizwa basi lala. Neema unaweza kuipoteza kwa dhambi ya mauti, ndo maana kuna kitubio. Na tunafundisha ubatizo wa tamaa pia, yule aliyetamani akafa kabla ya maji hayuko nje ya rehema. Babu yako kwa macho yangu alikuwa mtoto wa Mungu tangu ubatizo, aliyepotea akarudi nyumbani.

---

mjukuu_wa_kahawa

Ndugu yangu hiyo hoja ya mtoto mchanga ni nzito, na mimi wa kwetu walutheri tunasema karibu hivyohivyo, katekisimo ndogo ya Luther ya 1529 kwenye ubatizo inanukuu Tito 3 ileile. Kwahiyo mimi siupigi ubatizo hata kidogo, nimebatizwa mchanga na sitarudia.

Ninachoogopa ni mtu kuugeuza ubatizo kuwa mahali pa kujificha. Angalia Matendo watu wawili. Simoni wa Samaria sura ya 8, aliamini, akabatizwa, akawa anaandamana na Filipo, halafu akataka kununua Roho kwa fedha, na Petro akamwambia moyo wako si mnyofu mbele za Mungu. Amebatizwa na moyo ni uleule. Halafu Kornelio sura ya 10, Roho anamshukia hotuba haijaisha, maji yanakuja baadaye. Mungu ametuwekea hao wawili karibu karibu ili tusimfunge kwenye beseni, na tusilidharau beseni pia, maana Petro kwa Kornelio hakusema basi Roho ameshakuja maji ya nini, aliagiza wabatizwe.

Kuhusu babu, wewe unasema alirudi nyumbani, wenyewe wa Uamsho wangesema alizaliwa siku ile. Sina ugomvi na wewe hapo. Waingereza waligombana mahakamani kwa jambo hilihili, kesi ya padri Gorham, askofu wake alimkatalia parokia kuanzia 1847 kwasababu hakukubali kwamba kila mtoto anayebatizwa anazaliwa upya papo hapo, ikafika mpaka baraza la malkia 1850 na Gorham akashinda. Na wewe unajua wakatoliki na walutheri walisaini tamko la pamoja pale Augsburg 31 Oktoba 1999 kwamba tunahesabiwa haki kwa neema, si kwa stahili yetu. Kwahiyo kwenye mzizi tuko karibu kuliko tunavyoonekana huku mitaani.

---

bodaboda_wa_Yesu

Bwana Yesu asifiwe watumishi. Mtoa mada naomba uende taratibu na sala ya toba. Mimi nilikuwa mlevi, pikipiki yenyewe ilikuwa ya bosi na hesabu sipeleki, mke kaondoka na watoto. Nilipita tu pale uwanjani nimepaki nasubiri abiria, mhubiri akasema mwenye dhambi nyosha mkono, mkono ukanyoshwa hata sijui vipi. Nikarudia ile sala nalia. Tangu siku ile pombe sijagusa, bosi nilimlipa kidogo kidogo mpaka ikaisha na mke amerudi. Sasa leo unaniambia ile siyo kuzaliwa? Warumi 10:9 inasema ukimkiri Yesu kwa kinywa chako ya kuwa ni Bwana na kuamini moyoni mwako utaokoka.

---

mjukuu_wa_kahawa

Ubarikiwe sana ndugu yangu, umenifurahisha kweli. Umezaliwa, nani atakubishia na mke yuko ndani? Soma tena ulivyoandika mwenyewe, "mkono ukanyoshwa hata sijui vipi". Hapo ndo upepo ulipovuma. Mungu alikukuta ukiwa juu ya pikipiki akakutumia sala ya mhubiri. Na ulimlipa bosi, yani wewe na babu yangu mmetembea njia moja bila kujuana.

Ninachopinga ni kumwambia aliyerudia maneno, palepale, kabla hata vumbi halijatulia, "wewe sasa umeokoka usiruhusu mtu akuambie tofauti." Mitume hawakufanya hivyo. Siku ya Pentekoste watu walichomwa mioyo KWANZA, wakauliza wenyewe tutendeje ndugu zetu. Leo tunawapa jibu watu ambao hawajauliza. Huu utaratibu wa kuita watu mbele ulishika kasi Marekani miaka ya 1830 na wahubiri akina Charles Finney, na Mungu ameutumia, sikatai, ila ni utaratibu tu.

Warumi 10 nayo inasema kinywa NA moyo. Kinywa mhubiri anaweza kukuongoza. Moyo hawezi kuufikia.

---

kijana_wa_Nyeri

Salamu kutoka Kenya wadau. Nyanya yangu alikuwa kwa hao watu, huku kwetu tuliwaita ahonoki. Nataka kuongeza kitu mwenye uzi ameacha, nayo ni hali ya hatari ya 1952 kuendelea.

Mau Mau walikuwa wanakulisha kiapo, na kukataa ilikuwa ni kifo. Watu wa Uamsho wengi walikataa, wakasema sisi tumekunywa damu ya Yesu hatuwezi kunywa kiapo kingine. Wengine waliuawa. Lakini watu husahau upande ule mwingine, serikali ya mkoloni ilitaka wachukue bunduki wawe home guard, yani walinzi wa upande wa serikali, na wengi walikataa hiyo pia, kwa hivyo wakachukiwa na pande zote mbili. Nyanya alikuwa anasema hatukuwa wa serikali wala wa msitu, tulikuwa wa Yesu. Kuna watu walikuwa wamebatizwa na misheni zilezile, shule zilezile, na usiku ule wakati panga liko mlangoni ndio ilijulikana nani ana nini ndani.

Sisemi waliochukua kiapo walikuwa watu wabaya, walikuwa wamenyang'anywa ardhi na walipigania haki yao. Nasema tu kwamba wale wahonoki walikuwa na kitu ambacho hakikutoka kwa mabwana wa misheni.

---

mjukuu_wa_kahawa

Asante sana kaka, nilitaka mtu wa Kenya aiseme hii. Na Uganda nao waliona yao. Janani Luwum alikuwa mwalimu wa shule kijana wa Kiacholi alipookoka Januari 1948 kwa mahubiri ya hao hao balokole. Akaja kuwa askofu mkuu, akasimama mbele ya Amin, na Februari 1977 akauawa. Mwenzake Festo Kivengere, mtoto wa Uamsho wa Kigezi ambaye aliwahi kufundisha hapa kwetu Dodoma, alikimbia kuokoa maisha yake, na akiwa huko uhamishoni akatangaza hadharani kwamba amemsamehe Amin. Mtu hasamehi hivyo kwa elimu ya chuo cha biblia.

---

mtoto_wa_Ngara

Wakuu nimesoma wote kimya ila hapa lazima niseme. Mmeimba sana Gahini. Mimi nimekulia Ngara. Mwaka 1994 wazazi wetu waliona maiti zikielea mto Kagera, na mwishoni mwa mwezi wa nne watu wapatao laki mbili na nusu walivuka pale Rusumo ndani ya siku moja hivi. Nchi iliyoanzisha Uamsho. Watu walichinjwa ndani ya makanisa, Nyarubuye, Ntarama, Nyamata, na waliochinja na waliochinjwa walikuwa wanashika kitabu kimoja cha nyimbo. Kuzaliwa mara ya pili kulikuwa wapi? Siulizi kwa ubishi, nauliza kwasababu hili swali ndo lililomtoa baba yangu kanisani na hajarudi mpaka leo.

---

mjukuu_wa_kahawa

Ndugu yangu nimekaa na swali lako tangu jana. Mpe baba shikamoo yangu.

Jibu rahisi ni kusema hawakuwa wakristo wa kweli. Sitaki kukupa hilo kwasababu ni la kujinasua, tukilitumia kila mara hakuna kitu kitakachowahi kutuuliza maswali. Nitakwambia ninachokiona.

Kwanza Rwanda ya 1994 ilikuwa imebatizwa karibu yote. Machifu walipoingia kanisani miaka ya 1930 watu waliwafuata kwa maelfu, dini ikawa ni kitambulisho cha raia mwema, na makanisa yenyewe yalikaa karibu sana na watawala, kwanza wakoloni halafu na serikali zilizofuata. Na kadi za ukabila zilizoletwa na Wabelgiji zilikuwa mifukoni mwa wabatizwa hao hao. Kanisa likajaa akina Nikodemo na hakuna wa kuwaambia alichoambiwa yeye usiku ule. Pili, na hili linauma zaidi, hata Uamsho wenyewe kufikia hapo mahali pengi ulikuwa umezeeka. Wimbo wa Tukutendereza ulikuwa unaimbwa, ushuhuda unatolewa kwa maneno yaleyale ya mwaka 1940, watu wanaungama hasira na wivu na uongo mdogo mdogo, na chuki ya kabila haitajwi kwenye ushirika. Mtu anatembea nuruni kwenye vyumba vyote isipokuwa kimoja.

Tatu, walikuwepo walioambiwa wahutu simameni huku watutsi kule wakakataa kutengana na ndugu zao, wakafa pamoja. Siwaleti hao ili kufuta wale wengine, hesabu hailingani kabisa. Nawaleta kwasababu Yohana alishasema kipimo tangu mwanzo, 1 Yohana 3:14, tunajua tumepita kutoka mautini kuingia uzimani kwa maana twawapenda ndugu, na mstari unaofuata kila amchukiaye ndugu yake ni mwuaji. Hakusema tunajua kwasababu tulibatizwa, wala kwasababu tulitoa ushuhuda. Kipimo kilikuwepo kwenye Biblia zao na zetu na hatukukitumia. Na mimi naamini anayehubiri kuzaliwa mara ya pili huku kwetu bila kutaja ukabila kwa jina lake bado hajafika kwenye moyo wa jiwe.

Baba yako kama aliondoka kwasababu ya machozi ya watu wale, mimi siwezi kumhukumu. Mwambie Ezekieli 36 iliandikiwa watu ambao nao walikuwa wamemwaga damu katika nchi yao, mstari wa 18 unasema hivyo wazi. Mungu aliwaambia watu wa namna ile kwamba atawapa moyo mwingine. Kama angefaa kuwaambia wasafi tu nisingekuwa na cha kumwambia mzee.

---

mtoto_wa_Ngara

Mstari wa 18 sikuwahi kuuona. Nitamsomea.

---

msomaji_kimya

Naombeni niulize na mimi, Mungu ndo anaanza au mimi ndo naanza? Maana kanisa letu wanasema ukiamini ndo unazaliwa, rafiki yangu wa presbiteri anasema ukizaliwa ndo unaweza kuamini.

---

mjukuu_wa_kahawa

Dada au kaka, hiyo wamebishana karne na karne na watu wazuri wapo pande zote. Mimi nikisoma Matendo 16 naona Lidia moyo wake ulifunguliwa na Bwana ndipo akayatunza maneno ya Paulo, na sura hiyohiyo mlinzi wa gereza anauliza nifanye nini nipate kuokoka na anaambiwa mwamini Bwana Yesu. Hakuambiwa subiri tuone kama moyo umefunguliwa. Kwahiyo mimi nikitazama nyuma namsifu Mungu aliyeanza, nikimhubiria mtu namwambia amini leo. Zaidi ya hapo siendi.

---

mama_kwaya

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mwanangu mleta mada Mungu akutunze. Mimi nina umri mkubwa sasa, nimekulia kanisani tangu tumboni, kila wakisimama kutoa ushuhuda wanasema mimi niliokoka tarehe fulani mwezi fulani, mimi tarehe sina. Sikuwahi kuwa mlevi, sikuwahi kumwacha Yesu nijuavyo, nampenda toka mdogo. Kwenye semina moja mhubiri alisema asiyejua tarehe aliyozaliwa hajazaliwa, nikarudi nyumbani usingizi haukuja, na mpaka leo huwa linanirudia. Nifanyeje?

---

mjukuu_wa_kahawa

Mama shikamoo. Naomba uniamini katika hili, yule mhubiri alikuongezea mzigo ambao Biblia haina.

Timotheo tarehe yake iko wapi? Paulo anaitaja imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na anasema tangu utoto ameyajua Maandiko, basi. Yohana Mbatizaji alijazwa Roho tangu tumboni mwa mamaye. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, ana tarehe, 24 Mei 1738, na alikuwa kasisi miaka 10 kabla ya hapo, Paulo ana barabara ya Dameski, na Nikodemo mwenyewe Yohana hajatuandikia siku aliyozaliwa. Tunamuona sura ya 3 usiku haelewi, sura ya 7 anamtetea Yesu barazani kwa woga woga, sura ya 19 wanafunzi wamekimbia na yeye anakuja mchana na manemane na uudi yapata ratli mia kuuzika mwili wa Bwana, mbele ya watu wote. Katikati ya hapo alizaliwa. Siku gani hatujaambiwa.

Wazee wa Uamsho walipenda kutaja tarehe kwasababu wengi wao waligeuka ghafla kama babu yangu. Watoto wao waliolelewa ndani ya ushirika wakaanza kutafuta tarehe za kulazimisha, na hiyo imewaumiza wengi kama ilivyokuumiza wewe.

Mama usitafute siku. Chukua waraka wa kwanza wa Yohana, ni sura tano tu, soma taratibu na kila anapotaja kuzaliwa na Mungu weka alama kwa penseli. Utaona anauliza mambo ya sasa: unamwamini Yesu kuwa ndiye Kristo, unampenda ndugu yako, dhambi ukiifanya inakuuma unaiungama au umeizoea. Wewe unayekosa usingizi kwa kuogopa kwamba humpendi Yesu vya kutosha, mfu haogopi hivyo. Ukimaliza ukikuta mahali pamekusumbua andika hapahapa, tutasoma pamoja.

---

mama_kwaya

Asante mwanangu. Penseli ninayo, naanza sura ya kwanza.